Duara na Mkia

Jumanne, 9 Septemba

Darasa limeanza. Tuko watu wazima kumi na wanne katika chumba cha shule ya watoto, na viti ni vya watoto vilevile, kwa hiyo magoti yanakaribia kugusa kidevu. Mwalimu, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, ametuambia muhula ni wiki kumi na mbili na mtihani una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuongea na kuandika. Mkataba wangu wa kazi unasema niwe na cheti hicho kabla ya mwaka kuisha. Nisipokipata, kazi sina.

Kwetu nilifundisha Kiswahili miaka kumi na sita. Sijui nimemaliza kalamu nyekundu ngapi kwenye insha za watoto wa watu. Leo nimeitwa ubaoni kuandika "Leo ni Jumanne", na nimekosea neno la Jumanne. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Nitaandika kwa Kiswahili, nipate mahali pamoja ambapo mimi si mjinga.

Lugha ya hapa ina jina lake rasmi, lakini nyumbani kwa dada tunaiita Kihuku. Dada kaishi nacho miaka ishirini, na binti yake amezaliwa nacho. Mimi nina miezi saba.

Alhamisi, 11 Septemba

Mvua kutwa. Somo la kusikiliza: mtu kwenye rekodi anauliza njia ya kwenda kituoni. Niliambulia "kituo" na "asante".

Jumatatu, 15 Septemba

Niandike kuhusu kazi, maana mwalimu anataka tuieleze Alhamisi na nisipoielewa kwa Kiswahili sitaieleza kwa Kihuku.

Nafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali, ghorofa ya chini kabisa, bila dirisha. Upande mmoja unaingia uchafu, upande mwingine unatoka usafi, na mimi nasukuma toroli katikati. Pia naandika lebo za mifuko: ya kawaida, ya upasuaji, ya maambukizi. Hizo nimezikariri, sikosei.

Mwisho wa chumba kuna mashine ya kupiga pasi mashuka, ndefu kama kitanda cha watu watatu. Shuka linaingizwa upande huu, linapita chini ya rola la moto, linatokea upande wa pili limenyooka. Mbele ya rola kuna ubao wa kinga. Kidole kikiugusa, mashine inasimama. Tatizo ni kwamba hata shuka likijikunja linaugusa, na mashine inasimama, na msimamizi wetu anatokea ofisini kwake akiuliza tumelala. Huyo moyoni namwita Nyapara.

Waendesha mashine wa zamu yetu ni wawili. Mmoja ni mwanamke wa rika langu niliyempa jina la Kamusi, kwanza kwa sababu jina lake halisi linanishinda kutamka, pili kwa sababu kila neno nimuulizalo analo. Mwingine ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, huyo namwita Kimya. Kimya nikimsalimia ananitazama mdomo kama anayehesabu meno. Nikianza sentensi anasubiri tu, hasaidii hata kwa nusu ya neno, mpaka natoka jasho. Simpendi. Kamusi yeye nikianza tu ananimalizia, na mara nyingi anamalizia vizuri kuliko nilivyokusudia.

Alhamisi, 18 Septemba

Leo nimecheka darasani peke yangu. Sisi kwetu tuna ngeli chungu nzima. Tunatenganisha mti na kiti na maji na ugonjwa, lakini mke na mume wote ni "yeye", imeisha hiyo. Kihuku hakina ngeli hata moja, ila kina yeye wa kiume na yeye wa kike! Kwa maandishi yanatofautiana herufi moja tu ya mwisho. La kiume linaishia na herufi ya duara, la kike linaishia na herufi yenye mkia. Kwa sikio langu yote mawili ni sauti ileile.

"Usipoangalia," mwalimu alisema, "utamgeuza mama yako kuwa baba."

Nikamjibu kwamba mama yangu hatajali, alikuwa mkali kuliko baba. Nilisema kwa Kihuku na watu walicheka, kwa hiyo nadhani nilieleweka.

Jumatano, 24 Septemba

Kamusi amekaa nami kantini wakati wa chakula kama kawaida, akanisahihishia kazi ya nyumbani kwa penseli. Ana mwandiko mdogo, safi. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua.

"Nina mama yangu kitandani mwaka wa tatu huu," akasema. "Nyumbani naongea na mtu asiyejibu. Wewe angalau unajibu, hata kama unajibu vibaya."

Nimempenda huyu mwanamke.

Jumanne, 30 Septemba

Mvua. Kusoma: tangazo la nyumba ya kupanga. Nimepata saba juu ya kumi.

Jumatano, 8 Oktoba

Niandike yote kwa mpangilio.

Jana asubuhi kulikuwa na mashuka mengi kupita kiasi kwa sababu ya wodi mbili kuhamishwa. Mashine ilisimama mara nne kabla ya saa mbili. Nyapara alitoka akasema, "Sitaki kuiona hiyo ikisimama tena leo," akarudi ndani. Nilikuwa napita na toroli tupu nikamwona Kamusi ameinama. Alichana ukanda wa shuka bovu, akaufunga ule ubao wa kinga ukabanwa nyuma, usiweze kuguswa. Si mara ya kwanza. Nimemwona akifunga, na nimemwona Kimya akipita baadaye na kufungua bila kusema neno. Nilidhani ni ugomvi wao wa kazi, sikujali.

Saa nne kasoro Kamusi alikwenda kunywa chai. Kimya alitoka kwenye mashine za kukaushia, akasimama upande wa kupokea. Upande wa kuingiza alikuwa peke yake yule mama mtu mzima tunayemwita Mama Mashuka, anayeingiza mashuka tangu hospitali ijengwe. Nikasikia sauti. Sitaieleza. Shuka lilimvuta na vidole vikaingia chini ya rola mpaka kwenye maungio. Kimya aliruka, akabonyeza kitufe chekundu, akalinyanyua rola kwa mikono yake, akamshika yule mama kiunoni asianguke. Mimi nilisimama na toroli langu nikipiga kelele kwa Kiswahili.

Mama Mashuka yuko wodini ghorofa ya tatu. Vidole vitatu. Hawajui kama vyote vitabaki.

Kabla hata damu haijafutwa Nyapara alitugawia fomu. "Andikeni mlichokiona kwa macho yenu. Msitaje majina, tajeni kazi ya mtu. Ndiyo utaratibu." Wengi waliandika hawakuona kitu. Mimi niliandika mistari minane kwa dakika arobaini. Niliandika kwamba mwendesha mashine alifunga kinga kwa kitambaa saa mbili asubuhi, na kwamba yeye alifunga kwa mafundo mawili, na mimi nilikuwa karibu. Kwa Kihuku mwendesha mashine ni neno moja, awe mke au mume.

Kisha nilifanya nilichozoea kufanya kwa kila karatasi niliyoiandika tangu Machi. Nilimpa Kamusi aisome.

Nilipomkabidhi ndipo nilipotambua ninamkabidhi nini. Nimemtaja! Nilitaka kuinyang'anya. Lakini aliisoma taratibu, mstari kwa mstari, penseli mkononi. Akarekebisha neno la kitambaa, la asubuhi, la mafundo, kama saba hivi. Katikati penseli yake ilisimama juu ya mstari mmoja, ikauruka. Kisha akanirudishia.

"Iko sawa," alisema. "Inakili kwa kalamu upeleke."

Nimeinakili kama alivyoirekebisha, nikapeleka. Usiku kucha nimemwaza. Ni watu wangapi duniani wangesoma ushahidi dhidi yao na kuusahihisha tahajia? Huyo ni mtu wa haki.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kimya amesimamishwa kazi. Sielewi. Labda ni kwa kuwa alikuwepo kwenye mashine. Kamusi amesema nisijali, ni mambo ya ofisi.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua haijakatika siku ya nne. Mashine ya pasi inaendeshwa na Kamusi peke yake na ubao wa kinga haujafungwa. Inasimama kila dakika. Nyapara hatoki tena kuuliza.

Nilimpelekea Mama Mashuka maziwa ya moto ghorofa ya tatu. Kidole kimoja kimekatwa. Alinishika kwa mkono mzima, akasema kitu kirefu, nikaitikia kwa kichwa. Nilielewa nusu yake: "kijana yule", "mzuri", "kwa nini". Kusikiliza kwangu bado.

Jumanne, 21 Oktoba

Mwalimu amerudisha insha zetu, "Mtu wa familia yangu". Niliandika kuhusu dada ukurasa mzima. Karatasi yangu ilikuwa na miviringo myekundu kama ugonjwa wa ngozi. Kumi na moja.

"Umeandika vizuri," mwalimu alisema. "Lakini dada yako ni mwanamume kutoka mwanzo hadi mwisho."

Darasa likacheka, nami nikaanza kucheka. Kisha nikaacha. Nilitazama ile miviringo. Duara, duara, duara. Kila mahali mkono wangu ulipotaka kusema "yeye", uliandika duara, kwa sababu hilo ndilo nililojifunza kwanza na ndilo linalokuja lenyewe. Niliomba ruhusa nikatoka kwenye varanda nikasimama kwenye baridi.

Mwendesha mashine alifunga kinga. *Yeye* alifunga kwa mafundo mawili.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimefika kazini kabla ya zamu, nikaomba kwa karani wa ofisi nakala ya taarifa yangu. Ni haki ya shahidi. Nimeisoma nimesimama. Duara mara tatu. Kila neno lingine kwenye karatasi ile liko sahihi, kwa mwandiko wangu na akili ya Kamusi.

Kantini nilimsubiri aketi.

"Uliisoma ile taarifa yangu," nikasema.

"Niliisoma."

"Uliliona neno la yeye."

Hakuuliza neno gani. Hapo ndipo nilipojua.

"Lilikuwa neno lako," alisema. "Kalamu ilikuwa mkononi mwako."

"Ulisahihisha mengine saba."

"Na hilo likanipita. Mtu hupitiwa."

"Mara tatu?"

Alikata mkate wake vipande vidogo, asile hata kimoja. Kisha akainua macho. Hayakuwa na hasira, yalikuwa yamechoka, na hilo liliniumiza zaidi.

"Nikifukuzwa, mama yangu nitamlisha nini? Nieleze, wewe mwenye maneno siku hizi. Yule hana mtu. Ana mikono, atapata kazi kwingine. Na wewe usijidanganye. Ukienda kusema ulikosea neno la yeye, watasema kumbe huyu hajui anachoandika. Unaandika lebo za mifuko ya maambukizi, mwenzangu. Nani atakuachia kalamu?"

Kwa Kiswahili nilikuwa na majibu kumi.

"Basi tule," akasema, akanisogezea mkate.

Sikula.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimemweleza dada kila kitu tukikunja nguo. Akakunja shati moja mara tatu.

"Nyamaza," akasema. "Mdogo wangu, mimi nilikuombea kazi hiyo kwa magoti. Subiri ufanye mtihani kwanza. Ukishakuwa na cheti, sema unachotaka."

"Kikao chake cha nidhamu ni tarehe ishirini Novemba. Mtihani ni ishirini na tisa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo atakuwa ameshafukuzwa."

"Wewe ni mgeni. Kosa la mgeni husamehewa akilikalia kimya. Akilitangaza, linakuwa kosa la wote tuliotoka huko."

Binti yake alikuwa mlangoni. "Mama mdogo, umemfukuzisha mtu kwa sababu ya herufi?" Dada akamfukuza aende kuoga. Mimi nilibaki nimeshika soksi moja.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimemwona Kimya. Alikuwa amejikinga mvua kwenye kibanda cha kuegesha baiskeli, nje ya maktaba ya umma, kavaa koti la kazini. Nilitaka kupita. Miguu ikakataa.

Nikamwambia pole. Akanitazama mdomo kama kawaida yake, akasubiri. Nikamuuliza kwa nini hajitetei. Ilinichukua muda kuijenga sentensi hiyo na hakuingilia. Akajibu polepole, kila neno kando ya jingine, na ghafla nikatambua kuwa siku zote ndivyo anavyoongea nami, na kwamba ananitazama mdomo ili asikie vizuri ninachosema.

"Niliwaambia si mimi. Wakanionyesha karatasi yako. Wakaniuliza kama shahidi ana ugomvi na mimi. Nikasema hapana, huyu mama hana ugomvi na mtu."

"Mkeo anasema nini?"

"Hajui. Ana mimba ya miezi saba. Kila asubuhi naaga kama naenda kazini, nakuja hapa kusoma magazeti."

Kamusi alisema hana mtu. Nilimwambia Kimya, kwa sarufi mbovu kabisa, kwamba karatasi ile ina kosa na kosa ni langu. Aliinama, akashika vishikio vya baiskeli isiyo yake. Alikuwa analia au mvua ilimrushia maji usoni. Mimi nililia, hilo nina hakika.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeandika barua ya masahihisho. Rasimu tano. Baada ya kipindi nilimpa mwalimu.

"Barua hii nikiisahihisha itakuwa yangu," alisema. "Isome kwa sauti."

Nikasoma. Nilipofika kwenye "yeye" yangu alifumba macho.

"Umeandika la kike?"

"Ndiyo, tazama. Mkia."

"Umeandika la kike, na umetamka la kiume."

Tulikaa robo saa nzima. Mdomo ubane, ulimi urudi nyuma. Mara moja nikipatia, mara tatu nikikosa, na nikipatia sisikii nimefanya nini tofauti. Mfagizi akaja kuzima taa za korido.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimempa Nyapara barua. Aliisoma mara mbili, masikio yakawa mekundu. Akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. "Utasema kikaoni," akasema. Sikupenda alivyosema.

Jumanne, 11 Novemba

Yeye. Yeye. Yeye. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mpaka mtoto wa dada ameomba kuhamia sebuleni.

Ijumaa, 14 Novemba

Kamusi haketi nami tena. Leo nilihitaji neno la "kwa makusudi" nikageuza shingo kumuuliza, kwa mazoea. Alikuwa meza ya mbali, amenipa mgongo. Nimelitafuta mwenyewe.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua. Kesho.

Alhamisi, 20 Novemba

Chumba cha mikutano kiko ghorofa ya tano, kina zulia, na mvua inapiga vioo kwa nguvu kiasi kwamba mtu inabidi apaze sauti. Mwenyekiti ni mzee mwenye miwani mbili, moja usoni, moja kichwani. Karani anaandika. Nyapara. Kimya, na tai shingoni. Mama Mashuka na mkono wake uliofungwa bandeji. Kamusi naye aliitwa kwa kuwa ni mwendesha mashine wa zamu ileile. Macho yetu yalikutana na wote wawili tukayahamisha.

Walisoma taarifa yangu kwa sauti. Ilisikika vizuri sana. Mwenyekiti akaniuliza kama ni yangu, na kama nina la kuongeza.

Nilisimama. Nilikuwa na sentensi nne kichwani, nilizifanyia mazoezi wiki mbili. Nikasema taarifa ina kosa. Nikasema niliandika yeye wa kiume na haikuwa yeye wa kiume, ilikuwa yeye wa kike.

Mwenyekiti alikunja uso. "Samahani. Ilikuwa nini?"

"Yeye," nikasema.

"Mwanamume, ndiyo, ndivyo ilivyoandikwa."

"Hapana. *Yeye*."

Nilibana mdomo, nikarudisha ulimi. Karani alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akamtazama Nyapara. Nilisema tena na nikasikia mwenyewe kwamba linatoka vibaya, na kadiri nilivyolisukuma ndivyo lilivyozidi kuwa duara. Jasho lilinishuka mgongoni. Nilitafuta neno la "mwanamke", neno la wiki ya kwanza kabisa, neno ambalo mtoto wa chekechea analo, na halikuwepo. Lilikuwa limefutika. Nikasema kuna barua. Nyapara akasema haraka haraka, kwa sauti ya huruma, kwamba huyu mama ni mfanyakazi mzuri lakini lugha inamsumbua, na kwamba yupo hapa mwenzake aliyemzoea, anamwelewa kuliko wote. Amsaidie.

"Vizuri," mwenyekiti akamwambia Kamusi. "Anataka kusema nini?"

Chumba kizima kilimgeukia. Mimi pia. Namna alivyokaa, mikono juu ya mapaja, nilimjua. Alijua kila neno ninalolitaka. Hakuna mtu katika nchi hii nzima aliyejua kama yeye ninachotaka kusema.

"Anasema," Kamusi alianza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "anasema taarifa iko sawa. Alikuwa mwanamume. Anaogopa tu, hajazoea vikao."

Nilielewa. Nilielewa kila neno, kila silabi, bila kuomba arudie, na nakumbuka kuwa kando ya hofu yote ile nilishangaa jinsi nilivyosikia vizuri. Karani aliinamisha kichwa aandike.

Hasira ilinipanda kutoka kwenye nyayo. Hapo niliacha kulitafuta neno la yeye. Niligeuka nikamwangalia Kamusi usoni, si mwenyekiti, si karani.

"Wewe," nikasema.

Kihuku kina wewe mmoja tu, kama sisi.

"Wewe. Ulifunga wewe. Kitambaa, wewe. Mafundo mawili, wewe. Mimi niliona mikono yako."

Kalamu ya karani ilisimama. Nilikuwa bado nimesimama. Kamusi alifungua mdomo, na nilidhani atasema sentensi nzuri, ndefu, ambayo sitaiweza. Alimtazama Mama Mashuka. Mama Mashuka hakuwa na hasira. Alikuwa ameuinua mkono wa bandeji kidogo kutoka mezani, kwa sababu unamuuma ukikaa chini.

"Mimi," Kamusi akasema. Kisha akaanza kulia na kuongea pamoja. "Mimi. Na yeye huyu," akamnyooshea kidole Nyapara, "alitoka, akaona, akarudi ndani akafunga mlango. Tangu mwaka jana anaona."

Sikumbuki mengi baada ya hapo. Barua iliombwa, funguo zikatafutwa, Nyapara akasema hakumbuki droo ipi. Kimya alikaa palepale na tai yake. Tulipotoka alinipa mkono, akaushika kwa muda mrefu.

Jumatatu, 24 Novemba

Kimya amerudi kwenye mashine. Nyapara amesimamishwa. Kamusi amefukuzwa. Mimi nimepewa onyo la maandishi kwa kutoa taarifa yenye kupotosha, na nisipofaulu Jumamosi mkataba unaisha. Kantini watu wananisalimia kwa adabu na kuketi kwingine. Dada hajasema "nilikuambia", ila anafunga milango ya kabati kwa nguvu.

Jumamosi, 29 Novemba

Mtihani. Sehemu ya kuongea nilimweleza mtahini kuhusu kazi yangu. Mikono baridi. Sijui.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimefaulu. Kuongea nimepata alama ya chini kabisa ya kupita. Dada amenikumbatia mpaka nikakosa pumzi, na binti yake amekibandika cheti ukutani kwa gundi.

Jumamosi, 6 Desemba

Mvua imekatika. Nimekwenda kwa Kamusi. Anwani nilipewa na Mama Mashuka, ambaye sasa namwelewa karibu yote asemayo. Ghorofa ya pili, ngazi za chuma. Njia nzima nilikuwa natunga sentensi moja. Kwetu ni neno moja, nimekukosea. Kwa Kihuku ni maneno manne, na vitenzi vya kumkosa mtu uliyemzoea na kumkosea mtu vinakaribiana, kama kwetu.

Alifungua mlango nusu. Amekonda. Nyuma yake nilisikia kikohozi cha mtu aliyelala. Hakusema karibu na hakusema ondoka. Nikaitoa sentensi yangu yote, polepole, mpaka mwisho, naye akaisikiliza yote.

"Hivyo ulivyosema," akaniambia, "maana yake ni nimekukosa. Unalotaka ni lile lingine."

Akalitamka, kwa utaratibu, mara moja, kama kantini. Kisha akafunga mlango.

Nilisimama pale kwenye ngazi nikalirudia lile sahihi, mara mbili, mpaka likatoka vizuri. Kisha nikalisema tena lile la makosa, kwa sababu nalo lilikuwa kweli.